Mwalimu Aliyefunga Kitabu Mapema

Watu wengi waliomfahamu Mwalimu hulainisha sauti wakimtaja. Mimi siwezi. Nikimtaja hasira inapanda hapo hapo, na wateja wangu pale Mwanga mjini wameshanizoea. Wakiona nakunja vitenge kwa fujo wanajua kuna mtu amenikumbusha Simbo, kijijini kwetu. Kwa hiyo anayetaka sifa zake tupu akamuulize mwingine. Mimi nitamweleza kama nilivyomjua, na nilimjua vizuri, maana yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza Neno.

Hakuwa mwalimu wa serikali. Alifundisha darasa la ubatizo katika kanisa letu la Simbo, alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa mkalimani wa kila mgeni aliyekuja kuhubiri bila kujua Kiha. Siku nyingine ungemkuta shambani kwake, kwenye mihogo na michikichi, shati limejaa madoa ya mawese. Hata majirani Waislamu walimwita Mwalimu. Mkewe naye alimwita Mwalimu, na sikuwahi kumsikia akimwita jina lingine.

Darasa lake lilikuwa Jumamosi mchana, watu wakishatoka mashambani. Alisoma polepole, sura moja, bila mbwembwe na bila kupandisha sauti pale wahubiri wanapopandisha. Akimaliza alifunga kitabu kwa mikono miwili, akakilaza mapajani, akauliza, "Umesikia nini?" Hakuuliza umeelewa nini, wala umejifunza nini. Hayo alisema ni maswali ya watu wenye haraka. Ulitakiwa umgeukie jirani yako kwenye benchi umsimulie kwa Kiha, kama unavyomsimulia mama yako jambo uliloliona sokoni.

Mtu akitaka kujibu kwa Kiswahili alikataa. "Kwa Kiswahili mmeshajua maneno ya kanisani," alisema. "Mtayapanga vizuri mpaka nisijue kama mmesikia. Semeni kwa Kiha. Huko hakuna pa kujificha." Wale waliotoka Burundi aliwaruhusu waseme kwa Kirundi, na mmoja wao, bibi mmoja aliyekuwa na kigugumizi, alikuwa anamsubiri kuliko wote. Sisi watoto tulikuwa tunachoka, tunakunana miguu chini ya benchi, bibi anatafuta neno na halimjii. Mwalimu ametulia tu, anamtazama. Likitoka anasema, "Ego," yaani ndiyo, anatikisa kichwa, anasubiri lingine. Bibi yule alipougua na kushindwa kutoka nje, Mwalimu alimfuata kwake na kitabu chini ya kwapa, masika na kiangazi, mpaka tulipomzika. Sijamsahau kwa hilo, na ndiyo maana hasira yangu haipungui. Mtu asiyejua kusikiliza ningemwacha na ujinga wake.

Makosa kwake yalikuwa ya aina mbili, kuongeza na kuacha. Siku moja alinipa nisimulie habari za kondoo aliyepotea. Nikasimulia vizuri, nikafika pale mchungaji anapompata, nikasema akamchapa kwanza ndipo akambeba mabegani. Akaninyooshea kidole.

"Fimbo umeisikia wapi?"

Nilikuwa nimeiona wazi kabisa.

"Fimbo hiyo ni ya baba yako," alisema. "Anavyochunga mbuzi wake ndivyo ulivyomsikia Mungu. Iondoe, uanze upya."

Darasa lote lilicheka, na nilimchukia wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kusoma andiko bila kujiuliza fimbo ya nani nimeichomeka humo. Na kuacha ndiko alikokuchukia zaidi. Mtu akiruka mstari kwa sababu ni mgumu, au kwa sababu unamchoma, Mwalimu alikuwa anamrudisha mwanzo. Alisema anayeongeza anaweza kuwa mjinga tu, lakini anayeacha anajua anachofanya. Maneno hayo aliyasema yeye, kwa kinywa chake, na mimi nikiwa nimekaa benchi la mbele.

Alikuwa na ucheshi wake, tena mkali. Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam alikuja kutuhubiria, suti ya kung'aa, kitambaa cha jasho begani. Akazungumza kwa muda mrefu jinsi Bwana alivyompa gari, akaeleza na rangi yake, na jinsi maadui zake walivyoona aibu. Mwalimu akamsubiri amalize, akatugeukia, akasema kwa Kiha, "Anasema amepata gari. Andiko bado hajalifikia." Kanisa likaangua kicheko. Mgeni akadhani tumebarikiwa, akaongeza habari za nyumba.

Na siku ya ubatizo, ziwani kule Ujiji, alikuwa anaingia majini na suruali amekunja mpaka magotini, anasimama pembeni ya mchungaji, na kila anayeletwa anamuuliza swali lile lile kabla hajazamishwa. Kijana mmoja meno yanagongana akajibu, "Mwalimu, nimesikia baridi." Mwalimu alicheka mpaka akamshika mchungaji bega asianguke. Kijana alibatizwa hivyo hivyo. Akasema huyo hajaongeza wala hajaacha.

Sasa niseme upande wa pili, ambao watu wa sauti laini huuruka.

Nyumbani kwake Mwalimu hakumsikiliza mtu. Redio yake ndogo ilikaa dirishani ikipiga kelele tangu anarudi shambani mpaka analala, mpira, taarifa ya habari, matangazo ya vifo, chochote. Mkewe akianza kusema jambo alimjibu kabla halijafika nusu, na mara nyingi alijibu jambo jingine. Mama yule aliwahi kumwambia mama yangu, wakichambua maharage uani kwetu, "Angenisikia mimi kama anavyomsikia Paulo, ningekuwa malkia." Walicheka sana. Mimi nilikuwa mtoto nikacheka nao. Leo sioni cha kuchekesha hapo. Yule mama alikuwa anatoa taarifa, na hakuna aliyeipokea.

Barabarani alikuwa vilevile. Ukimsalimu na kumwambia umeuguliwa, tayari ameshapata andiko la kukupa na hujafika kwenye jina la mgonjwa. Yalikuwa maandiko mazuri, siwezi kukataa, ila ulikuwa unaondoka nayo mkononi na shida yako bado iko mdomoni. Watu walisema ni kwa sababu amejaa Neno. Mimi nasema maneno yaliyoandikwa hayamkatizi mtu wala hayalii mbele yake, na binadamu hulia. Alichagua kusikiliza upande usiomsumbua.

Ndiyo hali iliyokuwapo dada yangu alipofikishwa barazani.

Dada yangu mkubwa aliolewa palepale Simbo na mwalimu wa kwaya. Sitamtaja zaidi ya hapo, hastahili. Alikuwa na sauti ya kumwaga asali kanisani na mkono mzito nyumbani. Alianza kumpiga mwaka wa kwanza, na siku aliyomvunja mkono, dada akatoka akaja kwangu Mwanga, mkono umefungwa kwa kanga, hata ndala hana. Hospitali walimfunga plasta. Alipopata nguvu akasema anataka wazee wa kanisa walijue jambo hili. Nilimwambia twende polisi. Akasema polisi atakwenda, lakini kwanza kanisa, kwa sababu alifungishwa ndoa mbele ya kanisa. Mimi ningekuwa yeye nisingepoteza nauli.

Baraza la wazee la kanisa letu lilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo aliianzisha Mwalimu. Kesi ya ndoa ikifika, kabla mtu yeyote hajasema neno, andiko linasomwa. Kisha mlalamikaji na mlalamikiwa kila mmoja anasema amesikia nini. Mwalimu aliamini kwamba mtu aliye na haki atalisikia Neno vizuri, na mwenye hatia ataongeza au ataacha. Watu walilisifu jambo hilo mpaka Kidahwe. Kuna kesi hazikuhitaji hata ushahidi, walisema, Mwalimu alishamaliza kwa swali moja.

Tulikaa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, wazee upande huu, mume upande ule, dada na mimi karibu na mlango. Mimi niliruhusiwa kama ndugu, nisiseme. Mwalimu akafungua kitabu akasoma habari za Hajiri, yule mjakazi wa Sarai, alivyoteswa na bibi yake akakimbia jangwani na mimba yake. Malaika akamkuta penye chemchemi, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Akajibu kwamba anamkimbia bibi yake. Akaambiwa arudi, akanyenyekee.

Hapo Mwalimu akafunga kitabu kwa mikono miwili.

Mimi nilishtuka. Sura ile niliijua, alinifundisha yeye. Maneno hayaishii pale. Malaika anaendelea, anampa yule mwanamke ahadi, na mtoto atakayezaliwa anapewa jina kwa sababu Mungu amesikia mateso ya mama yake. Mstari uko palepale chini, macho hayawezi kuukosa. Nikanyoosha mkono. Mwalimu akasema, "Wewe si mlalamikaji. Teremsha mkono."

Mume akaulizwa amesikia nini. Akasimama, akaikunja sura kwa huzuni, akasimulia yote kwa Kiha kizuri, hakuongeza wala hakuacha. Alifika pale pa kurudi na kunyenyekea akashusha sauti kama anavyoishusha mwisho wa wimbo. Mzee mmoja akasema amina.

Dada akaulizwa. Hakusimama, mkono ulikuwa unamuuma. Akasema, "Nimesikia kwamba aliulizwa kwanza. Aliulizwa anatoka wapi, akasema, akaachwa amalize. Mimi nimeingia humu tangu saa nane, hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi na mkono huu."

"Na mwisho je?" akauliza Mwalimu.

"Mwisho hujausoma, Mwalimu."

Nilimwona Mwalimu akikitazama kitabu mapajani. Angeweza kukifungua, kilikuwa hapo hapo chini ya viganja vyake. Akasema, "Umeacha kurudi. Umechukua kinachokupendeza, ukaacha kinachokuagiza." Na wazee wakaandika kwamba moyo wa dada yangu ni mgumu, kwamba arudi kwa mumewe, na asiporudi atengwe.

Hakurudi. Akatengwa.

Asiyetoka kwenye makanisa yetu huenda hajui maana yake. Unaruhusiwa kuja ibadani, lakini unakaa benchi la mwisho. Huimbi kwaya, hushiki chombo chochote, na Meza ya Bwana ikiandaliwa unatoka nje. Ukitaka kurudishwa unasimama mbele ya watu wote unakiri kwamba ulitenda dhambi. Mume yeye aliendelea kufundisha kwaya, krismasi ikapita, pasaka ikapita, baadaye akapata mwanamke mwingine akahamia naye Uvinza, na kanisa likampa barua ya kumtambulisha huko.

Nilimwambia dada, hapa Mwanga makanisa yamejaa, ukitupa jiwe linadondokea juu ya bati la kanisa. Chagua moja. Akasema, "La kwangu ni lile. Nilibatizwa kwao. Siwezi kusimama mbele niseme nilitenda dhambi kwa kukimbia kupigwa, maana nitakuwa namdanganya Mungu kanisani. Na siwezi kuhama, maana nitakuwa nimekubali kwamba si langu." Kila Jumapili akawa anapanda bajaji kwenda Simbo, anakaa nyuma, anasikiliza, na Meza ikifika anatoka anakaa ukutani nje. Mkono wake uliunga vibaya, haunyooki mpaka leo. Mvua ikinyesha anajibanza chini ya bati. Wanawake wenzake waliompikia siku ya arusi yake walipita wakimwona hivyo. Nami nilikaa ndani nikashiriki, nikiwa nimekunja ngumi.

Miaka ilipita hivyo. Mwalimu alistaafu uzee wa kanisa, mkewe akafariki, sukari ikamshika, na binti yake akamchukua akakae naye Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Sikwenda kumwona. Nilisikia watu wanakwenda na matunda, wanarudi wamebarikiwa, nikawa nawauliza kama amewasomea mpaka mwisho. Walidhani natania.

Binti huyo alikuwa mteja wangu. Simlaumu yeye kwa lolote, ni mtu mzuri. Siku moja alikuja kuchagua kitenge, tukazungumza, nikamuuliza mumewe hajambo. Akasema ameachana naye zamani, alikuwa anampiga. Akaeleza bila kujua anagusa kidonda gani.

"Nilikimbilia Simbo kwa baba," alisema. "Uso umevimba hivi. Baba alinikalisha jikoni, akazima redio. Unamjua baba na redio yake. Akaniacha niseme, da, nilisema mpaka nikasinzia palepale."

Nikamuuliza, "Alikusomea nini?"

"Hakunisomea kitu. Aliniuliza kama nimekula."

Kitenge kilikuwa mkononi mwangu. Nilikiweka mezani. Nilimuuliza ilikuwa lini, akaniambia, na ilikuwa baada ya kesi ya dada, siyo hata mwaka mmoja baadaye. Wakati dada yangu anakaa nje ukutani, kumbe ndani ya nyumba ya Mwalimu redio ilishazimwa, mtoto wa Mwalimu ameshaulizwa kama amekula, na hakuna baraza lililoitwa wala kitabu kilichofunguliwa. Nikamwambia yule binti nafunga duka, anipeleke kwa baba yake sasa hivi. Akacheka kidogo, kisha akaniona uso, akaacha.

Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Aliponiona alinyoosha mkono. Sikuushika, na sikumpa shikamoo. Mtu niliyemwamkia tangu sijajua kufunga vifungo, nilisimama mbele yake kama mdai.

"Umekuja na vita," alisema.

"Nimekuja kuuliza. Binti yako alipokuja amepigwa, kwa nini hukumsomea Hajiri?"

Alimtazama binti yake, akanitazama mimi. "Ni mwanangu," akasema.

"Na dada yangu ni wa nani?"

Binti akaingia ndani. Mwalimu akalivuta blanketi magotini.

"Siku ile barazani ulifunga kitabu kabla ya mwisho," nikamwambia.

"Ego. Nilifunga."

"Ulijua?"

"Nilijua mkono ulipokuwa unafunga."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nimepanga maneno njia nzima. Akasema alitaka ndoa ile ipone. Kwaya ilikuwa inategemea mtu mmoja, kanisa lilikuwa linajiandaa kwa wageni, na aliona akiendelea kusoma mstari unaofuata, wazee watamgeukia mume na mambo yatavurugika. Akafikiri dada atarudi, mume ataona aibu, yataisha. Na baada ya hapo kila mwaka alisema atalisema. "Nikawaza, watu wa Simbo wamemsikia Mungu kupitia mdomo wangu tangu ujana wangu. Nikiwaambia pale nilificha, wataniuliza wapi tena. Likakua, mwanangu. Likawa kubwa kuliko mimi."

"Usiniite mwanao," nilisema. "Umemfanya Mungu kiziwi ili kwaya isivurugike. Wewe! Mtu uliyeniondolea fimbo mdomoni nikiwa mtoto, ukaenda kumwekea dada yangu ya kwako."

Alianza kulia. Machozi ya wazee huwa yananilegeza, lakini siku ile niliyatazama yakishuka nikaona hayatoshi hata kulowanisha plasta aliyofungwa dada. Nikamwambia Jumapili aende Simbo akayaseme aliyoniambia. Akanionyesha miguu yake. Nikamwambia bajaji italetwa mpaka mlangoni, na kama hataki kutembea tutambeba na kiti chake.

Alikwenda. Wakati wa matangazo binti yake alimwinua, akasimama pale mbele akiwa ameshikilia mimbari ndogo. Akasema kwa Kiha. Mchungaji wa sasa ni kijana, mtu wa Mbeya, hajui Kiha, akabaki anatazama nyuso zetu ajue ni nini. Mwalimu alisema siku ile alisoma nusu. Nusu iliyobaki inasema Imana, yaani Mungu, alisikia mateso ya yule mwanamke, naye aliificha kwa sababu ilikuwa inamtetea dada aliyekaa kule nyuma. Akasema, "Miaka yote hii aliyetakiwa kukaa benchi lile ni mimi." Hakuongeza neno. Kanisa halikusema amina. Mzee mmoja wa lile baraza aliinamisha kichwa akawa anafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mchungaji alipotafsiriwa alikohoa, akasema tumemsikia mzee wetu, jambo hili litapelekwa barazani. Barazani! Nilitaka kusimama, mama mmoja akanishika gauni. Wazee walikaa kweli, baadaye, na dada akarudishwa Mezani bila kusimama mbele ya mtu. Mwalimu hakuifikia siku hiyo, sukari ilimmaliza kabla. Tulimzika Simbo, waliolia walilia, na dada alikuwa miongoni mwao. Mimi sikulia. Bado namdai dada yangu ile miaka ya ukutani, na simwoni wa kuilipa.

Lakini Jumapili ile baraza lilikuwa halijakaa. Meza ikaandaliwa, dada akainuka kama kawaida yake akatoka. Mwalimu, ambaye sikumbuki akiikosa Meza hata akiwa na homa, akamnong'oneza binti yake. Wakaanza kusogea taratibu kuelekea mlangoni, katikati ya watu wote, mkate ukiwa umeshafunuliwa. Nikaondoka benchini nikawafuata. Nilidhani anakwenda kumwombea, nami nilikuwa tayari kumzuia.

Dada alikuwa mahali pake ukutani. Mwalimu alisaidiwa kukaa chini karibu naye, chini kabisa, kwenye vumbi, maana kiti hakikuwapo. Akafungua mdomo. Dada akamwinulia ule mkono usionyooka.

"Usiseme kitu, Mwalimu. Leo nitasema mimi. Nianzie wapi?"

"Anzia unapotaka," alisema.

Akaanza mbali, kabla ya arusi, na mambo ambayo hata mimi niliyekaa naye nyumba moja sikuwa nayajua. Hakulia, hakupandisha sauti. Alisema siku kwa siku, na Mwalimu aliinamisha kichwa kumwelekea, mikono imelala tupu mapajani. Mara mbili niliona midomo yake ikicheza kama mtu aliyepata andiko, na mara mbili akaifunga. Ndani waliimba wimbo wa mwisho. Watu wakatoka, wakatuona, wakapunguza sauti, wakapita pembeni. Jua likavuka bati likatufikia sote.

Dereva wa bajaji akaja anazungusha ufunguo kidoleni. "Mzee, ibada imeisha. Nina abiria wengine wananisubiri. Twende."

Mwalimu hakumtazama. Aliinua kiganja.

"Subiri," alisema. "Bado anasema."